Nilimsomea baba nusu ya karatasi

Shikamoo Bi Mshauri,

Naandika usiku, baba akiwa amelala upande wa pili wa ukuta. Mashine yake ya oksijeni inanguruma. Nimeizoea kiasi kwamba ikinyamaza ndipo ninaposhtuka.

Baba ana miaka 67. Alikuwa fundi seremala, na alivuta sigara karibu miaka 40. Aliacha miaka 6 iliyopita, siku ile ile daktari alipomwambia kwamba kile alichokiita kikohozi cha vumbi la mbao ni ugonjwa wa mapafu uitwao emfisema. Sasa ugonjwa umefika mbali. Akivaa shati hufunga vifungo viwili, akifika cha tatu huweka mikono magotini apumzike. Kuoga ndiko kugumu zaidi. Namwekea kigoda bafuni, nasimama nje ya mlango, na sote wawili tunajifanya kwamba nimesimama hapo kwa bahati tu.

Mimi ni kitinda mimba, nina miaka 34, na ndiye ninayeishi naye. Kaka yangu mkubwa yuko mbali, hupiga simu kila Jumapili. Mama alifariki miaka 11 iliyopita. Aliingia chumba cha upasuaji kwa jambo tuliloambiwa ni dogo, akapigwa nusu kaputi, hakuamka. Yeye alikuwa hataki. Mimi ndiye niliyemshawishi.

Miezi miwili iliyopita daktari bingwa wa mapafu alituambia kwamba huenda baba anafaa kuwekewa vali, yaani vilango vidogo vya kuzuia hewa, kwenye mapafu. Walikuwa wamempiga picha ya CT, wamempima kwa kupuliza, na wamemtembeza dakika 6 kwenye korido. Nguvu yake ya kupuliza ni asilimia 28 ya inavyotakiwa. Hewa inayobaki kifuani akishatoa pumzi yote ni zaidi ya mara 2 ya kawaida. Kwenye korido alifika mita 210, akisimama mara mbili. Daktari alieleza mbio mbio, maana nje foleni ilikuwa ndefu, kisha akatupa karatasi ya kurasa mbili. "Kaisomeni kwa utulivu, mkirudi mnipe jibu."

Macho ya baba hayawezi tena maandishi madogo. Tangu mama atutoke mimi ndiye msomaji wake wa kila kitu: barua, maelezo ya dawa, hata magazeti. Jioni ile alikaa kwenye kiti chake, nikaanza kumsomea. Ukurasa wa kwanza ulieleza vali zinavyowekwa na madhara yanayoweza kutokea. Hapo nilisoma polepole. Palipoandikwa kwamba takribani mtu 1 kati ya 4 pafu hutoboka likavuja hewa, na kwamba wapo waliofariki, nilisoma mara mbili. Ukurasa wa pili ulieleza faida: watu kutembea mbali zaidi, kuhema kidogo, na kwamba vali zikileta shida zinaweza kutolewa. Huo sikuugeuza.

Bi Mshauri, sikusema uongo hata neno moja. Kila nilichosoma kiliandikwa pale.

Baba alinyamaza kidogo, akauliza, "Hakuna lingine hapo?" Nikamjibu, "Hakuna, baba." Akasema, "Basi tuache, mwanangu. Nimeshazoea."

Nilifurahi. Hilo ndilo linalonitesa: nilifurahi, nikaenda kumchemshia maji ya kuoga nikiwa mwepesi kama niliyetua mzigo.

Tangu hapo kaka hanipi nafasi. Ananitumia video za vali, za nyaya zinazojikunja, za mvuke wa moto unaopulizwa ndani ya pafu. Anasema baba ataitupa mashine na kutembea kama kijana, na kwamba mimi nimemfunga mzee ndani kwa woga wangu. Hajui nilichofanya. Hakuna anayejua. Kliniki inatungoja baada ya wiki 3.

Juzi nilipotandika kitanda cha baba niliikuta ile karatasi chini ya mto, imekunjwa mara nne. Hawezi kuisoma. Sijui kwa nini ameiweka pale, na sikuthubutu kuuliza.

Nimweleze? Akijua nilimficha, ataniamini tena nikimsomea hata jina la kidonge? Nikimweleza akakubali, kisha yakatokea yale ya mama, nitaishi vipi? Au nimwache na uamuzi wake, maana anaonekana ametulia? Naomba unisaidie kufikiri.

Msomaji wa Baba

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikifika pale kwenye "Hakuna lingine hapo?" nimeiweka chini kwanza. Nadhani na wewe ndipo unapokwama usiku. Kwa hiyo tuanzie hapo, mambo ya vali yatafuata.

Umeniambia hukusema uongo hata neno moja. Nakuelewa kwa nini umeing'ang'ania sentensi hiyo, lakini wewe mwenyewe umeandika lile neno moja mistari miwili baadaye: "Hakuna." Sikuoneshi ili nikuumize. Nakuonesha kwa sababu naona umekuwa ukijitetea mbele ya kosa kubwa kuliko ulilotenda. Hukumdhuru baba. Ulimsomea kwa sauti ya binti aliyewahi kumbembeleza mama yake aende hospitali, kisha akarudi nyumbani bila mama. Mikono yako iliukataa ule ukurasa kabla akili haijasema lolote. Kumbe waliokuwa wakiamua jioni ile walikuwa watatu: baba, wewe na marehemu mama. Baba ndiye pekee ambaye hakuwa na habari zote.

Mimi si daktari. Nimekaa miaka mingi na wagonjwa wa aina hii na watu wao, na kabla ya kukujibu nilimwomba daktari wa mapafu ninayemwamini apitie nitakachokuandikia kuhusu tiba. Kwa hiyo chukua haya kama msaada wa kumuuliza daktari wenu vizuri. Yeye ndiye aliyeiona picha ya kifua cha baba.

Jambo moja kwanza, maana naona hata kaka yako hajalielewa. Vuta pumzi mpaka mwisho. Sasa, bila kuitoa, jaribu kuvuta nyingine juu yake. Hivyo ndivyo baba anavyohisi anapofika kifungo cha tatu. Shida yake kubwa ni hewa iliyoingia ikakwama. Kwenye emfisema kuta za vifuko vya hewa zimeharibika, pafu limepoteza ule mvutano wake kama mpira wa kiunoni uliolegea, na hewa kuukuu inajaa pasipotoka. Pafu linavimba, linaukandamiza chini msuli wa kiwambo, ule unaotenga kifua na tumbo, mpaka unalala bapa, na zile sehemu za pafu ambazo bado ni nzima zinabanwa zisipate pa kutanukia. Yeye ni seremala. Mwambie ni kama droo iliyovimba kwa maji, inaibana ya jirani nayo isifunguke. Ataelewa kabla hujamaliza sentensi.

Wazo la kuipunguza ile sehemu iliyovimba si geni. Daktari wa upasuaji wa Marekani, Otto Brantigan, alikuwa akikata vipande vya mapafu mabovu tangu miaka ya 1950, wenzake wakimshangaa. Upasuaji huo ulikuja kupimwa kwa makini baadaye, kwa wagonjwa 1,218, na matokeo yakatolewa 2003: ulisaidia kundi fulani la wagonjwa, ila ndani ya siku 90 walifariki karibu asilimia 8 ya waliopasuliwa, ilhali kwa wasiopasuliwa ilikuwa kama asilimia 1. Hapo ndipo watu walipozidi kutafuta njia ya kufika palepale bila kupasua kifua.

Vali ni mojawapo ya njia hizo. Mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni au puani mpaka kwenye njia za hewa, na vali ndogo kadhaa, mara nyingi 3 hadi 5, huwekwa kwenye njia zote zinazoingia sehemu moja ya pafu, ile iliyoharibika zaidi. Pafu la kulia lina sehemu 3 kama hizo, la kushoto 2. Madaktari huziita lobu. Vali huachia hewa na makohozi vitoke, lakini haziruhusu hewa kuingia. Sehemu ile husinyaa, na zilizo nzima hupata nafasi. Hakuna kisu, hakuna mshono.

Umemlinganisha baba na mama, nami nataka uutazame mlinganisho huo taratibu. Unafanana wapi? Kuna hospitali, kuna dawa ya usingizi. Unapishana wapi? Kwanza, hapa hakuna aliyewaambia ni jambo dogo; karatasi yenyewe imesema waziwazi kwamba wapo waliofariki. Pili, vali zinaweza kutolewa. Sisemi hatari imekwisha. Nasema hatari ya baba ina sura yake, na inastahili kuogopwa kwa sura hiyo, isiazime ya mama.

Sasa nikusomee kurasa zote mbili, kwa sauti moja. Utafiti ambao watu huutaja zaidi, uitwao LIBERATE, ulitolewa 2018, mwaka ule ule Marekani ilipoidhinisha vali hizi. Wagonjwa walikuwa 190. Kati yao 128 waliwekewa vali, 62 wakaendelea na dawa na matunzo ya kawaida. Baada ya mwaka 1, karibu asilimia 48 ya wenye vali walikuwa wameongeza nguvu ya kupuliza kwa kiwango cha maana. Kwa wale wengine ilikuwa karibu asilimia 17. Kwenye kutembea dakika 6, makundi yale yalitofautiana kwa mita 39 hivi. Kati ya wenye vali, 34 pafu lilivuja hewa. Na 4 walifariki ndani ya siku 45 za mwanzo, ilhali upande wa pili hakufariki mtu katika kipindi hicho.

Ona unavyoweza kuzisoma namba hizo kwa midomo miwili. Ukisema "nusu hivi walipata nafuu", moyo unapanda. Ukisema "nusu nzima hawakufikia nafuu hiyo", moyo unashuka. Ni namba ile ile. Mita 39 kwa kijana ni mzaha. Kwa mtu aliyesimama mara mbili ndani ya mita 210, huenda ndiyo safari ya kutoka kitandani mpaka bafuni na kurudi, bila mtu kusimama nje ya mlango. Au huenda kwake hazitoshi kulipia ile hatari. Mimi sijui, nawe hujui. Anayejua ni mwenye kifua.

Kuhusu ule uvujaji uliousoma mara mbili: ni wa kweli na ni mzito, usiupunguze. Sehemu iliyozibwa ikisinyaa ghafla, ya jirani hutanuka kwa haraka kuijaza nafasi, na kwa kuwa nayo ina ugonjwa, inaweza kuchanika. Hewa huvujia kifuani na pafu likasinyaa. Madaktari wanaiita niumothoraksi. Mara nyingi hutokea siku 3 za mwanzo, ndiyo maana wagonjwa hulazwa siku hizo hata kama wanajisikia vizuri. Wengi huwekewa mrija kifuani mpaka pafu litanuke tena, wengine hutolewa vali moja au zaidi. Kwa kejeli ya mwili, mara nyingi huwapata wale ambao vali zimewafanyia kazi upesi. Kuna na mengine yasiyotajwa sana kwenye video: nimonia, ugonjwa kuchachamaa wiki za mwanzo, kikohozi, vali kuhama au kuzungukwa na nyama, kurudi tena kwa kamera ili kurekebisha.

Video za kaka yako nitazipitia haraka. Nyaya zinazojikunja zilijaribiwa kwa wagonjwa 315, na tofauti ya kutembea ilikuwa mita 14.6 tu, pamoja na madhara yake. Mvuke hulichoma pafu kwa makusudi ili lisinyae, ukishapulizwa haurudishwi. Baba aliambiwa vali, basi mazungumzo na yabaki kwenye vali. Na mwambie kaka yako, kwa upole lakini mapema, kwamba hakuna aliyeahidi baba ataitupa mashine. Wenye upungufu mkubwa wa oksijeni kwenye damu huongezewa uhai na oksijeni ya saa 15 au zaidi kwa siku. Hilo limejulikana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vali hulenga kuhema. Baada ya vali emfisema bado ipo, wengi bado wana inhela zao, na wengine bado wana mashine. Anayemtarajia kijana atoke hospitali atakuja kumlaumu mzee kwa kuwa mzee.

Sasa mawazo yako mawili ambayo ningependa tuyapigie hodi.

La kwanza: kwamba usiposema kitu, mambo yatabaki yalivyo. Hayatabaki, mwanangu. Emfisema haikai ikikungoja upate ujasiri. Vipimo vinavyomfaa leo vina mipaka yake ya chini na ya juu, na mtu anaweza kuipita. Sikuambii hivi kukuharakisha. Hata kliniki ukiomba isogezwe mwezi mmoja, sidhani dunia itaanguka. Nataka tu uone kwamba "tuache" nayo ni njia yenye hatari zake, ila hatari hizo hazina karatasi ya kusomwa.

La pili: kwamba baba alikataa kwa sababu ya ulichosoma. Huenda. Lakini watu wa umri wake hukataa kwa sababu ambazo hakuna karatasi inayozigusa. Wapo wanaokataa kwa kuchoka na vipimo. Wapo wanaoona watakuwa mzigo zaidi. Nimewahi kukaa na mzee aliyekataa tiba kwa sababu tu alimwona mwanawe akitetemeka alipokuwa akimweleza, aliniambia, "Yule asingeweza." Ulisoma mstari ule mara mbili, mwanangu. Baba yako haoni herufi, lakini anakusikia. Na aliyetumia karatasi ya mchanga maisha yake yote anaijua sauti ya karatasi inayogeuzwa, na ya isiyogeuzwa. Sisemi anajua. Nasema mtu asiyetaka kujua zaidi haulizi kama kuna lingine, na mtu aliyekwisha kulifunga jambo kwa kawaida haliweki chini ya mto. Au labda aliiweka pale ili isipotee mpaka siku ya kliniki, na mimi na wewe tunajitungia hadithi. Njia ya kujua ni moja tu, na si ya kuwaza.

Basi una nini mkononi?

Unaweza kumwambia yote mwenyewe: kwamba kulikuwa na ukurasa wa pili, hukuusoma, na sababu yake ni mama. Hii ndiyo inayokutisha zaidi. Anaweza kukasirika. Anaweza kukaa siku tatu akikujibu kwa kichwa tu. Ataniamini tena? umeuliza. Sina dhamana ya kukupa. Nimeona tu kwamba wazazi wengi huumia zaidi wakigundua wenyewe, au wakilisikia kwa mtu mwingine, hasa kaka mwenye hasira siku ya Jumapili. Na kuna kitu kingine ndani ya mazungumzo hayo: sidhani ninyi wawili mmewahi kuzungumza juu ya kifo cha mama, yaani kuzungumza kweli. Huenda baba naye ana sehemu yake ya lawama anayoibeba kimya kimya.

Unaweza pia kurudi kliniki na kumwomba daktari amweleze baba upya, moja kwa moja, wewe ukiwa kimya kwenye kiti cha pembeni. Omba muda mrefu zaidi mapema, usingoje siku ya foleni. Hii inamrudishia baba habari zote kutoka kwa mwenye ujuzi, na wewe unapumzishwa kazi ya kusoma. Hatari yake ni kwamba baba anaweza kusikia faida pale, kwa mara ya kwanza, mbele ya watu, kisha akageuka kukutazama. Kwa hiyo hata ukipita njia hii, sentensi moja nyumbani kabla ya kuondoka ingeweza kuwaokoa wote wawili na mtazamo huo.

Au unaweza kumwacha na uamuzi wake. Sikucheki kwa kuliwaza. Mtu aliyetulia ni neema, na kuna wagonjwa wanaochagua kwa macho mawazi kutoguswa tena. Ila utulivu wa baba umejengwa juu ya ukurasa mmoja. Ukiuacha hivyo, wewe ndiye utakayeushikilia usidondoke, kila siku, na kila atakapokuuliza maana ya kidonge kipya. Jiulize kama mabega yako yanauweza, kwa miaka.

Kuna jambo dogo ambalo barua yako haikulitaja, nami nalishangaa: mazoezi tiba ya mapafu. Daktari hakuyazungumzia? Mara nyingi huchukua wiki 6 hadi 12. Mgonjwa hufundishwa kutembea, kuimarisha miguu, kutoa pumzi kwa midomo iliyobinywa kama anayepuliza mshumaa, na kugawa nguvu anapovaa na kuoga. Kwa kawaida hutakiwa kabla ya vali, lakini yanamfaa hata asiyezitaka. Baba anaweza kusema ndiyo kwa mazoezi bila kusema ndiyo kwa vali. Na akifika kifungo cha nne kwa mazoezi peke yake, atakuwa na kipimo chake mwenyewe cha kuamulia mengine.

Kumbuka pia kwamba daktari alisema "huenda". Hata baba akisema ndiyo leo, bado watataka kujua kama moyo wake unahimili, kama hewa chafu haijajaa mno kwenye damu, na zaidi ya yote kama lobu ile imetengwa kikamilifu na ya jirani. Ikiwa kuna upenyo kati yao, hewa huingia kwa mlango wa nyuma na vali hazisaidii kitu. Wapo wanaofika mpaka mezani, wakapimwa kwa kiputo kidogo ndani ya njia ya hewa, wakarudishwa wodini bila kuwekewa chochote. Kwa hiyo swali lililo mbele ya baba leo ni dogo kuliko unavyoliona usiku: je, anataka waendelee kuchunguza? Anaweza kubadili nia katika kila hatua.

Siku ya kliniki, maswali niliyonayo mimi ni haya. Ni lobu ipi, na picha inaonesha imetengwa vizuri? Ninyi hapa mmeshaweka vali kwa wagonjwa wangapi, na pafu likivuja saa 8 usiku, nani yuko zamu anayejua kuweka mrija? Baba atalazwa usiku ngapi? Akirudi nyumbani, dalili gani ituamshe? Jibu la swali la pili lingenitosha mimi kujua mengi kuhusu mahali hapo. Na kama wataalamu hawaafikiani kati ya vali na upasuaji, usishangae. Utafiti mmoja wa Uingereza uliotolewa 2023, wagonjwa 88, ulizilinganisha njia hizo mbili, na baada ya mwaka haukuona tofauti ya wazi.

Na ikitokea baba akasikia kurasa zote mbili kisha akarudia lile lile, "tuache"? Hapo utakuwa na "tuache" tofauti kabisa. Kuna matunzo ya kupunguza kuhema yasiyohusu vali: feni ndogo ikielekezwa usoni, dawa kidogo ya jamii ya mofini kwa uangalizi wa daktari, na watu wa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, ambao hawangoji siku za mwisho ndipo waje. Ulizia hayo mapema pia.

Umeniuliza utaishi vipi yakitokea yale ya mama. Sina jibu linaloweza kuiziba hofu hiyo, na sitajifanya ninalo. Ninachokiona ni kwamba mara ile ulibeba uamuzi wa mtu mwingine, na safari hii umeubeba tena, kwa kuusukuma upande wa pili. Mara zote mbili mzigo umekuwa wako peke yako. Hebu fikiria ungekuwaje iwapo baba angeubeba wake, akiwa na habari zote, na wewe ukawa binti tu: wa kumshika mkono, wa kuogopa waziwazi, hata wa kumwambia, "Baba, mimi sitaki, lakini ni kifua chako."

Ukikwama pa kuanzia, huna haja ya hotuba. Mkiwa mmekaa, mashine ikinguruma, mwambie: "Baba, ile karatasi iliyo chini ya mto ina upande mwingine." Kisha nyamaza. Mwache avute pumzi, watu wa emfisema hujibu kwa kuchelewa.

Na kabla sijakuachia: kurasa nzima umeniandikia usingizi wa baba, wako hukuugusa. Mtu anayeshtuka mashine ikinyamaza halali, anakesha. Muulize kaka yako kama anaweza kuja usiku hata mbili kabla ya kliniki, akae yeye na mngurumo huo. Ukiniandikia tena, anza na hilo.